Kupe wa miguu saba, kupe nusu dume na kupe asiye na kichwa: dokta anajibu

Toleo lililopita niliandika nusu ukurasa tu kuhusu kupe wa mbwa, nikadhani yameisha. Kumbe ndo nimechokoza. Meseji zimemiminika na nyingi wala hazitaki dawa, zinauliza kuhusu kupe wa ajabu: mwenye mguu pungufu, mwenye upande mmoja mkubwa, asiye na kichwa, na kuna mmoja wa Kigamboni kaandika moja kwa moja kwamba kupe wake "wametumwa". Basi safu ya mwezi huu ni ya kupe watupu, wenye maswali ya kuku na paka mtanivumilia. Majina nimeyatoa, mitaa nimeiacha, na meseji nimezigusa kidogo tu zisomeke.

*

"Shikamoo dokta. Nina mbwa wawili wa kawaida tu wale wa mchanganyiko. Juzi nlikuwa nawatoa kupe barazani nikamkuta mmoja ana miguu saba, kulia minne kushoto mitatu. Nimehesabu, mwanangu naye kahesabu, saba. Picha nimekutumia, za mgongoni na za tumboni. Je huyu ni kupe kweli au mdudu mwingine kajichanganya, na mbwa wangu si watapata ugonjwa usiojulikana?" – Mama wa Mbezi Makabe

Marahaba mama, na asante sana kwa ile picha ya tumboni maana wengi wananitumia mgongo tu, na mgongo wa kupe aliyeshiba hauniambii kitu. Huyo ni kupe, tena wa kawaida kabisa, yule wa kahawia wa mbwa anayeitwa kitaalamu Rhipicephalus sanguineus, ndo amejaa Dar nzima kuanzia huko kwako mpaka Mbagala. Kupe mkubwa anatakiwa awe na miguu minane, minne kila upande, kwahiyo wako kweli kapungukiwa.

Sasa kupungukiwa kupo kwa aina mbili. Ya kwanza ndo ya kila siku, mguu umekatika, ama wakati unamvuta, ama mbwa alipojikuna, ama kuku alimdonoa akamkosa. Ya pili ni kwamba alitoka hivyo hivyo, hajawahi kuwa nao. Ukitaka kujua ni ipi angalia pale mguu unapoanzia tumboni. Kila mguu umeota kwenye kibamba kidogo kigumu kilichoshikana na tumbo, wataalamu wanakiita koksa. Mguu uliokatika unaacha koksa yake, na mara nyingi unaacha na kisiki juu yake, kipande kimoja au viwili, ncha imechanika. Mguu ambao haukuota kabisa hauachi kitu, hakuna koksa, ngozi ya pale imelala laini, na saa zingine miguu ya jirani imesogeleana ikaziba nafasi. Picha yako ya pili nimeivuta mpaka ikaanza kuwa ukungu, na upande wa kushoto pale ulipotakiwa kuwa mguu wa tatu naona ulaini tu, kisiki sikioni. Kwa macho yangu huyo ana kasoro ya maumbile kweli, ingawa wa kusema neno la mwisho ni mtu mwenye darubini ya maabara sio mimi na simu.

Kuna na njia ya katikati, na mi ndo inanifurahisha kuliko zote. Kupe anatoka kwenye yai akiwa lava, ananyonya, anajivua ngozi anakuwa nimfu, ananyonya tena, anajivua tena ndo anakuwa mkubwa. Akikatika mguu akiwa bado mdogo, siku ya kujivua anaweza akauotesha upya! Ila ule mpya mara nyingi unakuja mfupi, mwembamba, au umepinda. Kwahiyo ukikuta kupe ana miguu minane halafu mmoja kibeti, inawezekana kabisa ni ajali ya utotoni wala sio kasoro ya kuzaliwa. Akishakuwa mkubwa basi, hajivui tena, ukikatika umekatika.

Na mguu wa tatu sio hasara kubwa kwake. Angekosa wa kwanza ndo ingekuwa kesi, maana kupe hana vipapasio kichwani, na karibu na ncha ya miguu ya kwanza kuna kishimo cha kunusia kinaitwa ogani ya Haller, hicho ndo kinamwambia hapa kuna pumzi, hapa kuna joto, mnyama anapita. Ukimwona kupe kwenye jani kanyanyua miguu ya mbele hewani hakusalimii, ananusa.

Haya, ugonjwa. Mama, wa kuogopa sio usiojulikana, ni unaojulikana vizuri sana. Kupe huyu wa mbwa anaambukiza bakteria anaitwa Ehrlichia canis, mbwa anapata homa, anasusa chakula, anakonda, tezi zinavimba, fizi zinapauka, na wengine wanatokwa damu puani. Vimelea vinapita kwenye mate ya kupe na mate hayana habari na idadi ya miguu. Huyo wa saba na wale wa nane waliokuwa sikio lile lile ni hatari sawasawa. Mbwa wakionyesha dalili hizo wapeleke wakapimwe damu mapema, dawa ipo na inafanya kazi vizuri ikiwahi.

*

"Dokta mambo. Kwenye ukuta wa banda la mbwa nimekuta vidudu vidogoo vinapanda, nimepiga picha nikazoom vina miguu SITA vyote. Jirani anasema ni kupe wamezaliwa vilema kwa sababu nlipuliza dawa ya mende. Ni kweli?" – Tegeta

Poa. Si kweli, na jirani mwambie apumzike. Hao ni lava, watoto wa kupe, na lava wa kupe wote duniani wanazaliwa na miguu sita, minne kwa minne inakuja wakijivua mara ya kwanza. Meseji za "kupe mlemavu wa miguu sita" nimepata nyingi mwezi huu na karibu zote ni hawa. Ukiona kundi zima lina kasoro moja inayofanana, ujue hiyo sio kasoro.

Ila kaa chini nikwambie habari mbaya. Kupe wa mbwa wa kahawia anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya uzio wako bila kuona porini. Jike akishiba anashuka, anatafuta ufa kwenye ukuta au nyuma ya ubao, anataga mayai maelfu, anakufa. Hao unaowaona wanapanda ukuta ni mayai ya jike mmoja au wawili tu. Kwahiyo kumwogesha mbwa peke yake haisaidii, ziba nyufa, toa matambara anayolalia uyachome au uyachemshe, na dawa ya banda iwe ya kupe sio ya mende, uulize duka la mifugo, usome kibandiko.

*

"Dokta mimi kijana nahangaika na ng'ombe pale mnadani Pugu. Kuna kupe wale wakubwa wenye rangi ya chungwa, juzi nimemtoa mmoja kwenye kiwele cha ng'ombe, upande mmoja wa mgongo umepambwa wote mpaka nyuma, upande wa pili rangi iko mbele tu halafu huko nyuma mweusi na umevimba zaidi. Anaenda kama anaburuza. Wazee wanasema ni kupe wawili wameungana, wengine wanasema ni wa kuchanja. Nisaidie kaka." – Pugu

Kijana, wewe umeona kitu ambacho kuna watu wamesomea kupe maisha yao yote wanakutana nacho mara chache mno, na natumaini hukumtupa kwenye moto (najua umemtupa).

Ngoja tuanze na mgongo. Kupe hawa wa ngozi ngumu wana ngao mgongoni. Ya dume imefunika mgongo wote, ndo maana dume hata anyonye vipi havimbi sana, ngao inambana. Ya jike iko mbele tu, nyuma ya kichwa, huko nyuma kote ni ngozi inayovutika, na ndo maana jike akishiba anakuwa mara mia na zaidi ya uzito aliokuja nao. Huyo wa rangi unayemsema ni Amblyomma variegatum, dume wake ana ngao ya rangi ya chungwa yenye michirizi na ukingo mweusi, jike ana doa la rangi mbele basi. Sasa wewe umekuta mmoja mwenye upande wa dume na upande wa jike, kama kanga mbili tofauti zimeshonwa katikati. Wataalamu wanamwita jinandromofu. Hajaunganishwa na mtu, sio kupe wawili, ni mmoja, nusu dume nusu jike. Na anaburuza kwa sababu upande wa jike ulikuwa unajaa damu na wa dume haujai, mwili ukapinda.

Inatokeaje? Kwenye kundi hili la kupe jike ana kromosomu mbili za jinsia, zile za X, na dume ana X moja tu, hana Y kama sisi. Yai likianza kama jike, lenye X mbili, halafu kwenye kugawanyika kule kwa mwanzo kabisa seli moja ikapoteza X moja, basi seli zote zitakazotoka kwake zitakuwa za kiume na za mwenzake zitabaki za kike. Ajali ikitokea mapema sana unapata mgawanyo wa katikati kama wa kwako. Ikichelewa unapata kiraka tu, jike mzima ana kipande cha ngao ya dume begani, na hawa wa viraka nahisi wanatupita wengi tu hatuwaoni.

Ila kabla hujaapa, hakikisha hukuona harusi. Kwenye jamii hii dume anajibandika tumbo kwa tumbo na jike akiwa bado ananyonya, wanakaa hivyo, na ukiwang'oa kwa pamoja kwa haraka kwenye mwanga mdogo unaweza ukaona mnyama mmoja mwenye miguu kumi na sita. Wawili wanaachana ukiwatikisa na kibano. Jinandromofu haachani. Kwa maelezo yako ya rangi, hasa hapo uliposema upande mmoja wa mgongo ule ule, mi naegemea kwamba umeona kweli.

Wapo na wengine wa ajabu zaidi, waliotoka na sehemu ya nyuma mbili, wenye mguu wa tisa, wenye mguu umegawanyika njia panda, vibeti, majitu, wenye mwili umepinda upande. Mambo haya yanaandikwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1959 Mfaransa mmoja, Campana-Rouget, aliyapanga makundi mawili ambayo mpaka leo watu wanayafuata: kasoro za mwili mzima, kama huyo wako, na kasoro za sehemu moja, kama mguu wa yule mama wa Makabe. Zimeonekana kwa kupe wa jamii nyingi, Amblyomma, Hyalomma, Rhipicephalus, Ixodes wa Ulaya na Marekani, kwahiyo sio mambo ya Pugu peke yake na hakuna aliyemchanja.

*

"Dokta usitufiche. Sisi tunaoogesha ng'ombe kila wiki, je ni hizo dawa ndo zinaharibu kupe mpaka wanatoka vilema? Na kama zinaharibu kupe, sisi tunaokunywa maziwa je?" – Mfugaji, Chanika

Salama mzee wangu? Sikufichi. Sababu ziko kadhaa na ukikuta kupe mmoja kapinda, kwa kumwangalia tu huwezi kujua ni ipi. Ile iliyojaribiwa vizuri ni hali ya hewa ya mayai. Poland kuna wataalamu wamekaa miaka mingi wanayaweka mayai ya kupe kwenye joto lisilofaa au ukavu uliopitiliza, na lava wanaotoka kwenye mayai hayo wanakuwa na miguu pungufu, miguu iliyoungana, midomo iliyopinda. Yai la kupe linataka unyevu na joto la wastani. Majeraha nayo yamo, na hitilafu za kromosomu kama nilivyomweleza kijana, na kinga ya ng'ombe mwenyewe inatajwa, kwamba kupe aliyenyonya kwa shida kwenye mnyama mwenye kinga kali anaweza kujivua vibaya. Kemikali pia ziko kwenye orodha ya watuhumiwa. Kusema hii dawa ya josho la kwako ndo imefanya, hapana, sisemi.

Na hapa mzee wangu niruhusu nikugeuzie swali. Mi naona tunahangaika na kupe mmoja aliyepinda mguu wakati kwenye josho lile lile kuna kupe mamia wazima wa afya ambao dawa haiwaui tena, na hao ndo dawa imewabadilisha, tena kwa mikono yetu. Mtu anaambiwa pima kiasi hiki kwa lita ishirini, yeye anakadiria na kifuniko kwa sababu chupa ni ghali, anapulizia mgongoni tu ng'ombe anakimbia, masikio hayajaguswa, chini ya mkia hapajaguswa. Kupe dhaifu wanakufa, sugu wanabaki wanazaana wao kwa wao, na baada ya muda unaambiwa dawa ni feki. Saa nyingine kweli ni feki. Mara nyingi sio. Ukiona dawa haiui na umeipima sawa, badilisha kundi la dawa sio jina la chupa, soma kiambato: kama ulikuwa unatumia amitraz nenda kwenye zile za jamii ya pairethroidi au kinyume chake, na umshirikishe afisa mifugo wa kata.

Maziwa: kibandiko kina siku za kusubiri baada ya kuogesha, kwa dawa nyingine ni sifuri na kwa nyingine ni siku kadhaa. Ifuate hiyo. Na usiogeshe asubuhi halafu ukakamua kabla hujaosha kiwele.

*

"Mimi nna ng'ombe wa ndani watatu hapa Goba, sijawahi kuwatoa nje hata siku moja. Nlimkuta mmoja na kupe sikioni, mmoja kati yao alikuwa kapinda mwili, nikapuuzia. Wiki mbili baadaye kavimba chini ya sikio, homa, akaanza kupumua kwa shida na povu puani, kafa. Mtu wa mifugo nliyemwita alimchoma sindano ya minyoo. Nauliza, yule kupe aliyepinda ndo aliyeleta sumu?" – Goba

Pole sana dada, pole. Sio aliyepinda. Dalili ulizozitaja, tezi ya chini ya sikio, homa, mapafu kujaa maji, ni picha ya ndigana kali, na anayeileta ni kupe wa kahawia wa sikioni, Rhipicephalus appendiculatus, yeyote aliyebeba kimelea kinachoitwa Theileria parva, awe kanyooka au kapinda.

Inavyokwenda ni hivi. Kupe akiwa lava au nimfu ananyonya ng'ombe mwenye vimelea, anashuka, anajivua ngozi, na akipanda ng'ombe mwingine akiwa kwenye hatua inayofuata ndo anaambukiza. Lakini haambukizi palepale akishika. Vimelea kwenye tezi zake za mate vinahitaji siku kama tatu mpaka tano za kunyonya ndo viive. Hizo siku ndo dirisha lako. Ukipitisha mkono masikioni kila siku mbili, ndani kabisa ya sikio sio kwenye ncha, ukamtoa kupe siku ya kwanza au ya pili, umemkata kabla hajamwaga. Angekuwa amepinda mdomo pengine asingeweza hata kushika vizuri, kwahiyo kama kuna kupe wa kumwogopa ni yule aliyekamilika.

Na ng'ombe wako hawatoki, kupe walitoka wapi? Kwenye majani. Hayo majani tunayonunua yamekatwa pembeni ya barabara au mabondeni kule walikopita ng'ombe wa watu, yanakuja na kirikuu mpaka mlangoni, na kupe wanakuja bure. Yaanike juani, yakung'ute kwenye saruji kabla ya kuyaweka horini. Hao wawili waliobaki uliza chanjo ya ndigana kali, ipo nchini miaka mingi, inasafirishwa kwenye naitrojeni ya maji, ng'ombe anachanjwa mara moja anavishwa na hereni. Na ndigana kali ina dawa yake, buparvakwoni, ila inataka kuwahi, siku mbili tatu za mwanzo wa homa. Sindano ya minyoo haina kazi hapo.

Kidogo nje ya mada, maana wengi hawajui: ugonjwa huu una historia na mji huu. Robert Koch, yule Mjerumani wa kifua kikuu, alikuwa hapa Dar es Salaam 1897 na 1898 anachunguza ng'ombe wanaokufa, na kwenye damu yao aliona vijidudu vidogo vidogo akavichukulia ni vya homa ya Texas, ugonjwa mwingine wa kupe ambao Wamarekani walikuwa wameshauelezea 1893. Baadaye ndo ikajulikana vile vilikuwa vimelea vya ndigana kali. Kwahiyo hata Koch, na darubini yake nzuri, alichanganywa na ng'ombe wa Dar.

*

"Kwenye nyasi za shamba letu Kibaha nimeokota kupe wamekauka, wana tundu moja nyuma kama limetobolewa na sindano. Huu nao ni ulemavu?" – Msomaji

Hapana, huo ni msiba wao! Kuna nyigu mdogo sana, mdogo kuliko kupe mwenyewe, jina lake Ixodiphagus hookeri, anataga mayai ndani ya kupe mchanga, watoto wanamla kwa ndani halafu wanatoboa wanatoka. Wakenya waliwahi kumfuga na kumwachia mashambani kupunguza kupe wa Amblyomma. Siwezi kuapia tundu lako bila kuliona, lakini kama ni la duara, moja, na ndani ni tupu, muache nyigu afanye kazi yake.

*

"Dokta nlienda msibani kijijini Dodoma nyumba ya udongo, nimerudi na huyu kwenye begi. Ni kupe lakini HANA KICHWA, na hana ngao, ngozi imekunjamana. Anatembea. Nimemweka kwenye kopo." – Sinza

Ana kichwa, kiko chini ya tumbo, kwa juu hakionekani. Huyo ni papasi, ndugu wa kupe mwenye ngozi laini, na kwa papasi huo ndo uzuri wake, wala hana kasoro. Kasoro iko kwako kama bado unamchezea. Papasi anakaa kwenye nyufa na sakafu ya vumbi, anatoka usiku, ananyonya dakika chache anarudi zake, wengi hawajui hata kama wameumwa, na analeta homa ya papasi, ile inayopanda, inashuka unasema nimepona, halafu inarudi tena. Kimelea chake kinaitwa Borrelia duttonii, jina la daktari Dutton aliyekuwa anauchunguza ugonjwa huo Kongo na akafa nao mwaka 1905.

Kopo lifunge sana, papasi anakaa bila kula muda mrefu usiwaze atakufa kesho. Toa nguo zote za lile begi, zifue kwa maji ya moto uanike juani. Ukipata homa wiki hizi mbili tatu nenda hospitali na umwambie daktari wazi, nimetoka Dodoma na nimeokota papasi, la sivyo atakupima malaria akikukosa nayo mtazunguka sana.

*

"Kuna kupe tumboni kwa mbwa wangu dume hatoki, nimevuta wiki nzima, hana miguu hata mmoja, mbwa analia." – Kijitonyama

Acha kuvuta. Hiyo ni chuchu. Madume nao wanazo, hesabu na upande wa pili utakuta mwenzake. Paka maji ya chumvi kidogo, na umwombe mbwa radhi.

*

"Je nikipata kupe wa ajabu nifanyeje ili wataalamu wamwone, na nimtoeje bila kumharibu?" – swali la wengi

Hili nimeliunganisha maana limekuja kwa maneno tofauti tofauti. Kumtoa: kibano cha nyusi chenye ncha nyembamba, shika karibu kabisa na ngozi, kwenye mdomo wake sio kwenye tumbo, vuta taratibu moja kwa moja juu. Usizungushe. Mambo ya mafuta ya taa, kiberiti, dawa ya meno, achaneni nayo, kupe anayeudhiwa anaweza kutapika mate yake ndani ya jeraha, na nyie mnaotafuta kasoro mtakuwa mmemuunguza miguu wenyewe halafu mnamleta kwa dokta. Usimpasue kwa kucha, damu yake ina vimelea, na kupe wa Hyalomma wanaweza kubeba hata homa ya Kongo na Krimea ambayo inaua watu.

Kumpiga picha: mweke kwenye karatasi nyeupe, mfunike na selotepu ya kung'aa asitembee, piga mgongo, halafu mgeuze kwenye karatasi ya pili upige tumbo, mwanga utoke pembeni. Weka rula pembeni yake ili tujue ukubwa. Sarafu sawa, kidole hapana, vidole vyenu havilingani.

Kumhifadhi: kichupa kidogo chenye kifuniko, spiriti ya asilimia 70, mwache humo mzima mzima. Tena ndani ya kichupa, sio nje, weka kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: tarehe, mtaa, katoka kwa mnyama gani na sehemu gani ya mwili. Penseli kwa sababu wino wa peni unayeyuka kwenye spiriti, na nimeshaona vichupa vizuri kabisa vyenye maji ya bluu na kikaratasi kitupu, kupe mzuri hana pa kwao. Weka na wenzake wawili watatu wa kawaida waliotoka kwa mnyama huyo huyo, mtaalamu atawahitaji ili ajue ni jamii gani, maana kasoro yenyewe inaweza kuwa imeharibu zile alama anazozitumia kumtambua.

Kwa Dar pa kupeleka ni maabara ya veterinari ya Temeke, ile ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, na walio karibu na Morogoro Chuo cha Sokoine wana watu wa wadudu hawa. Pitia kwanza kwa afisa mifugo wa kata yako akuelekeze na akuandikie. Wazima wanaotembea msipande nao daladala. Na msilete kwenye ofisi za gazeti, dada wa mapokezi ameshapokea kopo moja la papasi na hajanisemesha mpaka leo.